Gari la Kliniki Lilipovuta Upepo



Huenda mtashangaa kumwona muuguzi akiandika habari za nozeli na pampu ya dizeli mahali ambapo mmezoea kusoma juu ya chanjo na lishe ya watoto. Najua pia kwamba wengi wetu hatuna gari. Lakini chanjo huja kwa gari, mama anayetokwa na damu hupelekwa kwa gari, na katika usharika wetu ni akina mama waliochanga fedha za kulitengeneza gari la zahanati. Aliyechanga ana haki ya kujua fedha yake ilinunua nini. Sisi hatukujua, tukalipia ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994. Injini yake ni 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Toyota walianza kuitoa injini hiyo mwaka 1990, na njia zetu za vijijini zimejaa magari ya namna hii: ya misheni, ya zahanati, ya polisi, ya watalii. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yatawafaa wengi, hata kama gari la kwenu lina rangi nyingine.

Usiku mmoja wa Machi mwaka 2019 tulikuwa tunatoka upande wa Makete kwenda Njombe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Nyuma nilikuwa na mama wa mimba ya tatu, mtoto amelala kimkingamo, chupa ya uzazi imepasuka tangu alasiri. Mkwewe alikuwa amemshika kichwa. Tulipoanza kupanda mlima, gari likaanza kukohoa. Likapoteza nguvu, likatetemeka mara mbili tatu, likazima.

Dereva akashuka na tochi mdomoni, akafungua boneti, akaanza kusukuma pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Mara ishirini, mara thelathini, mpaka ikawa ngumu. Akarudi, akapiga stata, gari likawaka. Tukaenda kama kilometa nne. Likazima tena. Nilihesabu mara saba usiku ule. Mara ya tano yule mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hili gari si ndilo tulilolichangia?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tulifika saa saba na nusu usiku, mama akaingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mtoto wa kike alitoka akiwa amechoka sana lakini hai, na mama yake alipona.

Swali la yule mkwe lilikuwa la haki. Miezi miwili kabla ya hapo gari lilikuwa limeonyesha dalili hizo hizo. Lilipelekwa gereji, fundi akasikiliza kidogo, akasema pampu ya dizeli imekufa. Akina mama wakauza viazi, wakapika chapati siku za gulio, wakachanga. Pampu nyingine iliyotumika ikanunuliwa, ikafungwa. Wiki mbili gari likaenda vizuri, kisha likarudia yale yale.

Dripu juu ya boneti

Baada ya usiku ule tulimwendea mzee mmoja fundi mstaafu, aliyetumia ujana wake wote katika karakana ya misheni. Alikuja na mfuko mdogo wa spana. Hakugusa pampu. Kwanza alimwuliza dereva maswali mengi, kama vile daktari mzuri anavyofanya kabla ya kumgusa mgonjwa. Linazima baridi au likiwa moto? Tambarare au mlimani? Tangi likiwa limejaa au limepungua? Asubuhi linawaka kwa shida? Linapozima, linazima ghafla kama umezima ufunguo, au linakohoa kwanza?

Majibu yetu yalikuwa: mlimani zaidi, tangi likiwa nusu au chini yake, asubuhi kwa shida, na hukohoa kwanza. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hili linavuta upepo."

Niwaeleze kwa kifupi jinsi mambo yalivyo ndani. Katika injini hii hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa iliyo ubavuni mwa injini ndiyo inayofyonza dizeli yenyewe kutoka tangini, kupitia mabomba ya chuma, mipira na chujio. Kisha huisukuma kwa nguvu nyingi kwenda kwenye nozeli sita, na kila nozeli hufunguka inaposhinikizwa kwa presha ya takriban baa 150, ikatoa dizeli kama ukungu. Sasa hewa hubanika lakini dizeli haibaniki. Hewa ikiingia kwenye pampu, nguvu ile inaishia kubana hewa, na nozeli hazifunguki. Wauguzi wenzangu mnaelewa: tunapotundika dripu hatuthubutu kuuacha mpira ukiwa na hewa. Gari nalo halivumilii.

Na kwa kuwa pampu inafyonza, tundu lililo kati ya tangi na pampu halitoi tone hata moja nje wakati injini inafanya kazi. Linaingiza hewa ndani. Hapo ndipo mafundi wenye haraka wanapopotea, maana wanatafuta mahali panapovuja na hawapaoni.

Mzee alichukua kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akakifunga kati ya chujio na pampu kwa muda. Akawasha. Tuliona vipovu vikipita mfululizo kama vya soda. Kisha akafanya jambo lililonichekesha. Alijaza dizeli safi kwenye dumu dogo, akaliweka juu ya boneti, akaufungua mpira unaotoka tangini na kuunga dumu mahali pake. Na ule mpira unaorudisha dizeli ya ziada nao akauingiza dumuni. Alilitundikia gari dripu! Injini ikaunguruma, vipovu vikaisha, ikakaa saa nzima bila kukohoa. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima, chujio lilikuwa zima, nozeli zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kati ya tangi na chujio, na hapo hakuna kitu cha bei kubwa.

Alilala chini ya gari akafuata bomba kwa vidole. Juu ya tangi, mahali ambapo mpira unashikwa na klipu, mpira ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa juu, usioonekana. Tangi likiwa limejaa, dizeli ilipanda kwa urahisi. Likipungua, na gari likiwa limeinua pua mlimani, pampu ilifyonza kwa nguvu zaidi na ufa ukafunguka. Usiku gari likiwa limesimama, hewa iliingia polepole na dizeli ikarudi tangini. Ndiyo sababu ya shida ya asubuhi. Mpira mpya wa dizeli na klipu mbili. Bei yake ilikuwa chini ya fedha ya sabuni ya zahanati kwa mwezi. (Uwe mpira wa mafuta, si wa maji. Ule wa maji dizeli huulainisha.)

Kabla ya kukubali kununua pampu

Tangu siku ile kamati yetu ina utaratibu. Akisema fundi kwamba pampu imekufa, tunamwuliza kama amepima hewa kwa mpira mweupe na kama amejaribu dumu. Tunauliza chujio lilibadilishwa lini. Tunamwomba afungue kifuniko cha tangi mara tu gari linapozima: kikitoa sauti ya kuvuta hewa kwa nguvu, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba, mara nyingi kwa tope au nyigu, na gari linazima kwa sababu tangi limebanwa. Ukiliacha dakika chache linawaka tena, na watu husema ni pepo.

Kama gari limezima ghafla bila kukohoa, mambo ni tofauti. Juu ya pampu kuna swichi ndogo ya umeme inayofungua na kufunga njia ya dizeli. Mtu mmoja afungue ufunguo bila kupiga stata, mwingine asikilize karibu na pampu. Lazima isikike "tik". Isiposikika, tazameni fyuzi na waya wake kwanza. Waya uliolegea umewahi kulaza magari mengi porini.

Na mkanda unaozungusha pampu hiyo, ambao ndio huo huo unaozungusha sehemu ya juu ya injini, unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Hapo msisubiri dalili. Hautoi dalili, unakatika tu.

Ikibidi pampu ishushwe kweli, ipimwe kwenye mashine ya kupimia pampu kabla ya kuamua, na ile ya zamani mrudishiwe mkononi.

Maji na mafuta ya madumu

Hewa ni adui wa kwanza. Wa pili ni maji. Pampu hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, kwa hiyo maji yakiingia, vyuma vinasagana vikavu na kushika kutu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huleta madhara ya namna hiyo, kwa kuwa ni membamba na hayana utelezi wa kutosha. Mtakumbuka jinsi uchakachuaji ulivyokuwa umeenea hapa Tanzania. Mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yanayochanganywa yajulikane, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili mchanganyaji asipate faida. Hali ilipata nafuu, ingawa mama anayewasha kibatari ndiye aliyeumia kwa bei. Lakini huko kwetu, ambako dizeli mara nyingi hununuliwa kwa dumu kando ya duka, bado macho yanahitajika.

Dizeli ya dumu tunaiacha itulie usiku kucha, kisha tunamimina taratibu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi na kuacha vidole viwili chini. Tangi tunalijaza jioni, si asubuhi, kwa vile tangi tupu hukusanya umande ndani usiku wa baridi. Maji yakikaa muda mrefu chini ya dizeli, huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi kama makohozi, nao huziba chujio hata likiwa jipya.

Chini ya chujio kuna bakuli la kukusanya maji na kizibo cha kuyatolea. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi, msiendelee na safari kwa kusema tutafika. Kingeni chupa ya kioo chini, legezeni kizibo, sukumeni pampu ya mkono taratibu. Maji hutoka kwanza, kisha dizeli. Kwenye chupa yatajitenga yenyewe, maji chini na dizeli juu. Funga kizibo, sukuma tena pampu mpaka iwe ngumu, kisha washa. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mkupuo mmoja. Ipumzike, la sivyo mtakuwa na matatizo mawili.

Chujio jipya tusilijaze kwa kumimina dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati. Huko ni upande wa safi, na uchafu utakaoingia hapo utakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Lijazwe kwa pampu ya mkono. Sisi tunalibadilisha kila kilometa 10,000 kwa sababu ya mafuta tunayopata.

Moshi nao husema

Gari likitoa moshi mweusi mzito, linakula dizeli kuliko hewa. Anzeni na chujio la hewa, hasa baada ya kiangazi cha vumbi, kabla ya kulaumu nozeli. Kama hewa inapita vizuri, huenda nozeli moja au zaidi zinakojoa badala ya kunyunyiza, na zipelekwe kupimwa. Moshi mweupe asubuhi ya baridi unaoisha baada ya dakika chache, pamoja na kuwaka kwa shida, mara nyingi ni plagi za kupashia joto. Ziko sita, na fundi anaweza kupima moja moja kwa taa na waya. Lakini moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo zito la gasketi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hauhusiani na mada yetu.

Asubuhi hizo za baridi msimruhusu mtu kupulizia eta au petroli kwenye njia ya hewa ili injini iwake. Plagi zile zina moto, na mlipuko wake unaweza kuvunja injini na kumchoma aliyeinama juu yake. Wala gari lisiachwe liungurume bandani milango ikiwa imefungwa. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Tone lisilouma

Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika, maana ni kazi yangu.

Fundi anapotafuta silinda iliyolala, hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Akilegeza moja na sauti ya injini isibadilike, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Ni njia ya zamani na inafaa kwa injini hii, ila afunike nati kwa kitambaa kinene, avae miwani, na kamwe asiweke kidole kuona kama dizeli inatoka. Kwenye magari mapya ya dizeli yanayoongozwa na kompyuta jambo hilo lisifanywe kabisa, kwa kuwa presha ndani ya mabomba yake hupita baa 1,000.

Dizeli yenye presha hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake ni nukta ndogo, pengine halitoi damu, na mwanzoni haliumi sana. Kijana anafuta mkono kwa kitambaa anaendelea na kazi. Baada ya saa chache kidole kinavimba, kinakuwa kigumu, kinapauka, na maumivu yanapanda mkono mzima. Dizeli imesambaa ndani kufuata mishipa ya misuli na inaua nyama. Watu wamekatwa vidole, hata mkono, kwa nukta kama hiyo.

Mtu akichomwa hivyo, msisubiri kuona kama patavimba. Msikamue, msikande kwa maji ya moto, msichanje. Ondoeni pete, inueni mkono, asile wala kunywa kitu kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi, na apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa ile ile. Mwelezeni wazi daktari kwamba ni dizeli ya presha, na imeingia saa ngapi. Mkisema tu "amejichoma kwenye gari", anaweza kupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Chanjo ya pepopunda nayo iulizwe.

Jambo la mwisho ni kufyonza dizeli kwa mdomo kutoka tangini. Naliona kila mwaka: vijana wetu, hata wa kwaya, wanavuta mpira kwa mdomo, inawapita kooni, wanakohoa na kucheka. Hatari haiko tumboni sana kuliko mapafuni. Kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni huleta nimonia kali. Kwa hiyo aliyemeza dizeli au mafuta ya taa asitapishwe kwa njia yoyote, wala asipewe maziwa au mafuta ya kula ili atapike, maana akitapika yanarudi kwa njia ya mapafu. Asukutue mdomo, avuliwe nguo zilizolowa, na akikohoa, akipumua haraka au akisinzia, apelekwe hospitali bila kukawia. Hayo ni kwa watoto zaidi kuliko wakubwa, hasa katika nyumba ambazo mafuta ya taa huwekwa kwenye chupa ya soda. Kipampu cha mpira cha kubinya kwa mkono kinauzwa madukani, na kimoja sasa kimefungwa kwa kamba ndani ya gari letu.

Jumamosi, kabla ya kliniki ya Jumatatu, wanawake wawili wa kamati humwaga maji ya chujio pamoja na dereva na kuandika kwenye daftari. Mwanzoni dereva aliona haya, akidhani anachungwa. Siku hizi asipowaona anawapigia simu.

Na ile pampu ya kwanza, tuliyoambiwa imekufa, tuliidai ikarudishwa. Mzee aliipeleka kupimwa kwenye mashine, ikaonekana nzima. Imefungwa kwa plastiki stoo ya zahanati, juu ya kabati la vyandarua.